Matawi Njiani

Kwa nini shangazi alilaza tawi bichi kwenye kila njia tuliyoiacha bila kuifuata, ilhali nyuma yetu hapakuwa na mtu? Nilimuuliza tulipokuwa tukipanda mlima wenye msitu, mwendo wa saa tano kutoka Nyansiongo.

“Msomi wangu, tembea!” alinijibu.

Mchana nilibaki nyuma nikifunga kamba za viatu. Ukungu ukashuka, nikampoteza. Kwenye njia panda nilisimama, hadi nikaona tawi limelazwa upande wa kushoto. Nikashika kulia. Njia panda mbili zaidi, kisha nikasikia kicheko chake.

“Maswali yameisha?”

Nilimkumbatia, pumzi zikanirudia.

Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba siku hiyo shangazi naye alikuwa akiingia msitu ule kwa mara ya kwanza.