Kisu cha Malungu

Baba alipofariki sikulia. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Dada zangu walilia mpaka sauti zikakauka, padri alisoma, kwaya iliimba, tukamzika kijijini Kaengesa, nyuma ya shamba lake la ulezi, na muda wote ule mimi nilikuwa natazama mikaratusi iliyopandwa pembeni na kufikiri kwamba imesongamana mno. Mimi ni bibi misitu. Barua yangu ya ajira inasema afisa misitu, lakini vijijini hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Baada ya matanga tuligawana kazi. Dada zangu walishika nguo na vyombo, mimi nikapewa stoo ya baba. Nilifanya haraka. Jembe lililochakaa, mnyororo wa baiskeli, mashikio ya ndoo, sufuria isiyo na kitako, kisu chakavu kilichofungwa mpira wa tairi kwenye mpini, misumari iliyopinda. Vyote nikavitia kwenye kiroba, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake nikakibeba mwenyewe mpaka barabarani. Dada yangu mkubwa alisema nina roho ngumu. Nilimwambia stoo imekuwa safi.

Kabla ya msiba nilikuwa na starehe moja, na nilipotoka msibani niliirudia kwa sababu sikujua nifanye nini kingine Jumamosi. Starehe hiyo ni visu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, tunakutana watu watatu kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga, na tunashindanisha visu vya porini. Najua inavyosikika. Mume wangu alishazoea, watoto wanaona aibu.

Mwenye duka tunamwita Alhaji. Amerithi duka kwa baba yake, na katika maisha yake yote hajawahi kulala porini hata usiku mmoja, lakini ana visu kuliko sisi wawili tukijumlishwa. Madereva wa malori humletea kutoka Tunduma, ndugu zake humletea kutoka ng'ambo. Wa pili ni mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori, mtu wa Wampembe, na kama watu wote wa kule ziwani anatucheka sisi wa juu kwa baridi yetu. Wa tatu ni mimi.

Tuna utaratibu wetu. Kisu cha kukunja hakiingii mezani. Askari anasema kiungo ni mahali pa kuvunjikia, na sisi wawili tumekubali, ingawa Alhaji anacho kimoja cha kukunja mfukoni anachofungulia maboksi na hajui kwamba tunajua. Visu hatupokezani mkono kwa mkono, maana vinaleta ugomvi. Unakiweka juu ya kitambaa, mpini ukimwelekea mwenzako, naye anakiokota mwenyewe. Na kabla hajakiokota, wewe mwenye kisu unatoa nasaba yake: kimetokana na chuma gani, nani alikifua, nani amekishika kabla yako. Neno hilo la nasaba alilileta Alhaji. Ukidanganya kwenye nasaba hakuna adhabu, lakini wenzako wakijua utajisikia vibaya.

Halafu tunajaribu. Tunakata kamba ya katani mara ishirini. Tunapasua kuni kavu kwa kukiweka kisu juu yake na kukigonga mgongoni kwa rungu. Tunachonga kijiti mpaka kitoe nyuzi nyembamba zinazoweza kushika moto kwa kiberiti kimoja. Mwisho tunakata nyanya bila kukinoa tena, na nyanya ndiyo inayoumbua.

Kisu cha kwanza cha Alhaji kilikuwa cha kuchekesha. Meno ya msumeno mgongoni, mpini mtupu ndani, na humo ndani kuna viberiti, ndoana, uzi na dira ndogo iliyoonyesha kaskazini kila upande. Tulikigonga mara tatu tu, bapa likaenda upande wake na mpini upande wake, na dira ikabingirika hadi chini ya mifuko ya saruji. Siku hizi amejifunza. Anachokipenda sasa ni kifupi, chuma chake kimepita mpaka mwisho wa mpini, hakina mbwembwe, na kinakata nyanya mpaka unaona huruma. Kinaota kutu ukikitazama vibaya, basi Alhaji anakipaka mafuta ya kula kila Ijumaa baada ya swala.

Askari ana kimoja tu. Alikifua fundi mmoja kutokana na springi ya gari la kazi lililoharibika. Ni kizito, ni kibaya cha sura, na kuni hakijawahi kuzishindwa. Anakisifia kwa sauti ndogo, anavyomsifia mkewe.

Mimi nina saba, lakini sita nawaletea kwa heshima tu. Cha saba ni kile alichonipa baba siku nilipokuwa naondoka kwenda chuo cha misitu. Bapa la shibiri moja na vidole viwili, nene mgongoni, mpini wa mpingo uliong'aa kwa mikono ya watu. Nasaba yake niliitoa kila mwezi bila kuchoka: kimefuliwa na babu mzaa baba, kwa chuma cha malungu. Malungu ni yale matanuru ya udongo, marefu kumpita mtu, ambayo wazee wa Ufipa waliyeyushia mawe ya chuma kabla ya majembe ya dukani kufika. Machache bado yamesimama huko maporini, miti imeota ndani yake. Nikiwa kazini nikikutana na moja huwa nasimama. Nilikuwa najiona nina haki ya kusimama, kwa sababu ya kile kisu kiunoni.

Jumamosi ile, ya kwanza baada ya msiba, nilikiweka juu ya kitambaa na kutoa nasaba.

"Bibi Misitu," askari akasema, "hii habari ya malungu tumeisikia mpaka basi. Ninyi Wafipa kila mmoja babu yake alikuwa mhunzi. Sasa nani alikuwa analima?"

"Muache mama wa watu," Alhaji akamwambia. "Ametoka msibani juzi tu hapa."

"Namtania ili achangamke. Hata hajanijibu."

Ni kweli, sikuwa nimemjibu. Siku nyingine ningemchamba yeye na dagaa wake. Miaka yote hiyo askari alikuwa akiniomba tukiguse kisu kwenye grinda, maana chuma cha kale na chuma cha kiwandani havitoi cheche za namna moja, na miaka yote nilikataa. Nilisema ni kukivunjia heshima. Siku ile nilisema, "Haya, kitie."

Walitazamana. Alhaji aliuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Kwa kweli nilitaka kuona kama nitashtuka.

Alhaji alikuwa na kipande cha jembe la kale, la malungu kweli, alilopewa na mzee mmoja. Walianza na hilo. Grinda ililia, na zikatoka cheche chache, ndefu, nyekundu za kufifia, zilizokwenda moja kwa moja na kuzimika. Kisha askari akaweka kisu changu, karibu na mpini ambapo hapatumiki. Cheche zilimwagika nyingi, nyeupe, zikapasuka pasuka hewani mpaka Alhaji akarudi nyuma kulinda kanzu yake. Askari akazima mashine.

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali, ningepata wa kumkasirikia.

"Ni springi ya gari," alisema. "Chuma kizuri sana, lakini. Changu mimi ni hicho hicho."

Nilijisikiliza ndani, nione kama kuna hasira au aibu. Hapakuwa na kitu. Nilikunywa chai ya Alhaji, nikakata nyanya, nikashinda kwenye nyanya, nikaenda nyumbani.

Kesho yake baada ya misa nilipanda pikipiki mpaka Kaengesa. Nilijiambia nakwenda kumwangalia mama. Nilimkuta uani, amejifunga blanketi kwa ule upepo wa Juni, anachambua maharage kwenye ungo. Mama huongea nami Kifipa, na hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Nikakaa. Nikamwonyesha kisu, na lile kovu jipya linalong'aa karibu na mpini. Nikamuuliza kama ni cha babu.

"Mpini ni wa babu yako," alisema, na hakuacha kuchambua. "Bapa baba yako alikwenda kufulisha bondeni, Kaoze. Alikwenda kwa baiskeli, akakaa huko siku tatu. Akarudi na malaria."

"Mbona aliniambia ni cha malungu?"

"Si ulitaka cha malungu? Ulisusa kula, unataka kile cha babu, kwamba wewe ndiye unayekwenda porini na siyo kaka zako wa kwa baba mkubwa. Na chenyewe kilikuwa kimeisha. Babu yako alikinoa, baba yako akakinoa, kimebaki kama kidole. Akasema, siwezi kumwingiza mtoto porini na kisu kilichokwisha. Akaung'oa mpini akauweka kwenye kipya. Akaniambia nisikwambie mpaka utakapokuwa mtu mzima, halafu ukawa mtu mzima tukasahau."

Akatupa punje mbovu.

"Cha babu alibaki nacho mwenyewe. Alikifunga mpira wa tairi pale palipokuwa na mpini. Ndicho alichokuwa anamenyea viazi, mpaka wiki ile alipolazwa. Umekiweka wapi? Nilikitafuta stoo sikukiona. Nataka nikae nacho."

Nilikiona kile kisu vizuri kabisa. Niliona mkono wangu ukikiokota kwenye rafu, ukikipima uzito, nami nikisema kimoyomoyo kwamba bapa limekwisha, hiki hakina kitu. Miaka kumi na zaidi nakaa meza moja na watu wanaojua visu. Nimeshika vya ng'ambo, nimeshika vya springi, najua kutofautisha chuma kwa kukigonga na ukucha. Na cha malungu nilikuwa nacho kiganjani, mchana kweupe, nikakitia kwenye kiroba pamoja na mashikio ya ndoo.

"Kiko kwangu mjini," nikasema.

"Basi niletee."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Yule wa mkokoteni alinikumbuka, akanipeleka kwa aliyemuuzia. Huyo alikuwa muungwana, akaniacha nichakure. Nilichakura rundo lile mpaka adhuhuri, mikono ikajaa kutu, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba mzigo wa wakati ule ulishaondoka na lori, na huko uendako unayeyushwa. Alipoona siondoki aliniletea kiti. Nilimwambia Alhaji kwa simu, naye akampa habari askari. Askari akajibu kwa ujumbe mfupi: "Pole sana dada." Hakuwa amewahi kuniita dada.

Mama alinipigia Jumatano kukumbusha. Ijumaa akapiga tena.

Jumapili nilikwenda. Alikuwa ameweka beseni la viazi mviringo katikati ya jiko, maana dada zangu wangekuja kula mchana, na pembeni yake alikuwa ameweka kigoda cha baba. Alikuwa anakisubiri kisu. Nilitandika kitenge changu chini, nikaweka kisu changu juu yake, mpini ukimwelekea yeye. Sikujua njia nyingine ya kusema, basi nikatoa nasaba.

"Hiki ni cha springi ya gari. Kimefuliwa Kaoze. Mpini ni wa babu. Baba alikifuata kwa baiskeli, akanipa mimi. Cha malungu alibaki nacho yeye, na mimi nimekitupa kwenye vyuma chakavu kwa mkono wangu. Nimekitafuta. Hakipo."

Jikoni chungu cha maharage kilikuwa kinatokota. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane.

"Na ukaniambia kiko kwako," alisema mwishowe.

"Nilikudanganya."

Alikitazama kisu, hakukiokota. Akanisogezea kigoda cha baba kwa mguu. "Menya viazi. Wenzako watafika sasa hivi."

Nikakaa, nikamenya. Kisu kinachopasua kuni hakifai kwa viazi. Mgongo ni mnene, unaondoka na nyama ya kiazi, na kila nilichokigusa kilitoka kidogo kuliko kilivyoingia. Mama alinitazama nikimaliza kama sita hivi. Kisha aliinama, akaokota ganda moja kwenye beseni, akalinyanyua kuelekea dirishani.

"Nene," alisema. "Maganda ya baba yako ulikuwa unaona mwanga ng'ambo ya pili."

Akalirudisha ganda polepole, kwa vidole viwili, mahali pale pale alipoliokotea. Na mimi, niliyekuwa sijatoa chozi tangu baba alipolazwa, nililia na kiazi mkononi, nikalia kwa sauti mbaya, mpaka dada zangu wakafika mlangoni na kuuliza nani tena amekufa.