Jumamosi Mia Moja Ndani ya Chumba cha Baridi

Kazi yangu ni kukadiria hatari. Siku hiyo hatari ilinifungia mlango.

Sisemi kwa mafumbo. Mlango wa chumba cha baridi, mnene kama godoro, ulijifunga nyuma yetu tukabaki watatu ndani na samaki waliogandishwa.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Kampuni moja ya bima ilinituma kwenye ghala la samaki. Nilitakiwa kuangalia nini kinaweza kuharibika, mara ngapi, na kwa madhara gani. Ofisini wananiita Asilimia. Ukiniuliza kama mvua itanyesha, nitakuuliza kwanza unataka kuanika nini.

Pale ghalani nilitembezwa na watu wawili. Meneja, baba mmoja nadhifu ambaye hata maneno yake ni kama yamepigwa pasi. Na fundi wa mitambo ya baridi, ambaye ni mume wa dada yangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, wafanyakazi wameshaondoka. Meneja akasema tumalizie chumba cha nyuma. Mimi na yeye tulivaa makoti mazito. Shemeji alikuwa na ovaroli tu.

"Naingia na kutoka," alisema.

Mlango ukajirudi.

Ndani kuna kitasa cha kusukuma endapo mtu amefungiwa. Shemeji akakisukuma. Kikazunguka bure, kama kifuniko cha chupa kilichokwisha meno.

Tukagonga. Tukaita. Kuta zile zimejazwa povu la kuzuia joto, na sauti nayo haipiti. Simu hazikuwa na mtandao. Ya meneja ikazimika kwa baridi palepale.

Kimeumana.

Feni mbili juu ya ukuta zilikuwa zinatupuliza bila huruma. Nywele za puani ziliganda. Sikuwahi kujua kama huganda.

Shemeji akawa wa kwanza kusema. "Napanda rafu, navunja dari. Juu kuna upenyo mpaka nje."

"Hakuna haja," meneja akasema. "Tushike kipima joto kwa mikono kipate moto. Mtambo utadhani chumba kimepoteza baridi, kengele italia kwa mlinzi."

"Na mtambo utaongeza baridi, bosi."

"Kwa muda mfupi tu. Kengele inafanya kazi asilimia mia."

Nilivyosikia hiyo mia, nikaanza kumtilia shaka. Kwenye kazi yangu, anayesema mia mara nyingi hajapima.

Wakaanza kubishana. Kila mmoja ana uhakika wake, na baridi haina upande.

Nikasogea ukutani palipokuwa na barafu nyembamba, nikavua glavu, nikaanza kuandika kwa kidole.

"Shem, unafanya nini?"

"Fikirieni Jumamosi kama hii imetokea mara mia moja. Watu wale wale, chumba hiki hiki. Niambieni kwa kila njia, katika hizo mia tunatoka hai mara ngapi."

"Sasa hivi ni wakati wa hesabu?" meneja akauliza.

"Hesabu mnaifanya tayari. Mnaifanya kwa kupigiana kelele."

Nikaanza na rahisi. Tukae tu, tumngoje mlinzi apite kwenye korido na asikie tukigonga. Shemeji akasema kwa upepo huu hatuna muda mrefu. Tukaandika ishirini.

Nikamgeukia. "Dari. Juu kuna nini?"

"Upenyo. Na bomba la amonia."

Amonia ndiyo gesi inayoendesha mtambo. Ukilitoboa lile bomba ndani ya chumba kilichofungwa, huhitaji baridi ikuue.

"Liko upande gani?"

"Kulia. Nadhani kulia."

"Katika mia, umekosea upande mara ngapi?"

Akatazama dari. "Robo hivi."

"Na mara ngapi dari inakataa kuvunjika?"

"Robo nyingine."

Nikaandika hamsini za kutoka. Shemeji aliiangalia ile namba kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mbaya.

"Kengele?"

"Tisini na tisa," meneja akajibu haraka.

Kuna mbinu tunayoitumia kazini. Mtu akikupa namba, usimwulize tena kama ana uhakika. Mwambie aweke dau.

"Sawa," nikasema. "Tukipasha moto kile kipima joto na kengele ikalia, nakupa koti langu. Isipolia, unampa shemeji lako."

Mkono wake ukaenda kwenye vifungo vya koti. Ukabaki pale.

"Mbona unasita? Kwa tisini na tisa, hiyo ni bure kabisa."

Akaangalia chini. Sauti iliyotoka haikuwa na pasi tena.

"Niliagiza ikatwe. Ilikuwa inalia ovyo, inavuruga vikao. Nikaona aibu kusema mbele ya mtu wa bima."

Shemeji alipiga hatua moja kumwelekea. Nikaingia katikati. Nikafuta tisini na tisa, nikaandika sifuri.

Kama tungemsikiliza, tungeongeza baridi kwa mikono yetu wenyewe, tukingoja kengele iliyokatwa.

"Je, tukiziba zile feni?" nikauliza.

Shemeji akafikiri. "Upepo ukikata, baridi inapungua makali. Tunapata masaa ya kutosha. Mlinzi atapita zaidi ya mara moja."

"Hapo atatusikia katika Jumamosi ngapi?"

"Sitini."

"Na asipokuja, dari bado ipo. Lakini mikono itakuwa imekufa ganzi, tuseme dari inatuokoa mara kumi na tano zaidi. Jumla sabini na tano."

"Na hizo ishirini na tano?"

"Hizo tunakufa, shemeji."

Kisha meneja akachukua boksi la samaki akaanza kupanda rafu.

Tulizijaza zile feni maboksi na nailoni mpaka zikaguna na kusimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kelele.

Tukakaa juu ya mbao za kupangia maboksi, tumebanana. Tuligonga mlango kwa zamu na kipande cha chuma cha rafu. Nje hakuna aliyejibu.

Shemeji alikuwa anatetemeka sana. Halafu akaacha.

Kuacha ndiko kulikonitisha. Akaanza kuongea maneno yasiyoshikana, anamwita dada afunge dirisha. Meneja akavua koti lake bila kuombwa, akamfunika.

"Dau nililikataa," akasema, "lakini nilishalipoteza."

Nikaiangalia dari. Shemeji ndiye aliyeijua, na sasa hakuweza hata kusimama. Ile sitini niliyoiandika nikajiuliza kama ilikuwa namba au sala. Kuta zilikuwa zilezile, lakini niliona zimesogea. Nikakishika kile chuma nipande mwenyewe.

Mlango ukafunguka.

Si mlinzi. Alikuwa fundi mwenzake shemeji, mtu mkimya, bado amevaa kandambili za nyumbani. Alitutazama, akambeba shemeji mgongoni kama gunia bila kuuliza lolote.

Nje, nikiwa nimeshika kikombe cha maji ya moto kwa mikono isiyohisi, nilimuuliza amejuaje.

"Kengele," akasema. "Mtambo ukiona hewa haizunguki unatoa taarifa. Imenifikia kwenye simu."

Meneja akageuka. "Si nilikuambia uizime?"

"Niliizima, bosi. Niliizima ofisini kwako tu."

Yaani ile sifuri yangu ilikuwa uongo kama ile mia yake. Ila mpango wetu haukutegemea hata moja kati ya hizo.

Baadaye walifungua dari kuikagua. Bomba la amonia lilikuwa kushoto, juu hasa ya pale shemeji alipotaka kupiga.

Alilazwa, akapona, akabaki na vidole viwili visivyojua moto wala baridi. Dada yangu alimuuguza kwanza, ndipo akanikabili.

"Kwa hiyo ulimweka mume wangu kwenye robo ya kufa?"

"Nilimtoa kwenye nusu, dada."

Kisha akanisogezea kiti.

Ndugu msomaji, ukibanwa kwenye kona usiyoiona mwisho wake, usitafute mwenye uhakika. Tafuta anayekubali kusema ni mara ngapi atakosea. Usiandike mia, usiandike sifuri. Na katika njia zote zilizo mbele yako, anza na ile ambayo ukikosea utabaki hai wa kujaribu nyingine.