Siku Tuliyopelekwa Pango la Wapiganaji

Sisi tuliosoma shule za msingi kule Kianjokoma miaka ya themanini tulijua kutembea. Leo mtoto akienda safari ya shule anapanda basi lenye muziki, amebebeshwa kuku na soda, na bado anarudi akilalamika miguu inamuuma. Sisi tulikwenda kwa miguu, wengi pekupeku, viazi vitamu vya moto mfukoni, tukiimba milima yote. Tulikatiza mashamba ya majani chai yenye umande mpaka kwenye handaki ambalo nyanya zetu walichimbishwa na wakoloni kandokando ya msitu wakati wa vita vya Mau Mau, ili wapiganaji wasipate chakula. Kwetu lilikuwa mahali pa mchezo tu. Tulikalia magome ya migomba tukateleza hadi chini, kaptura zikatoboka makalioni, na jioni mama alishona kiraka huku akituahidi fimbo.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa kuona pango walimojificha wapiganaji. Mimi nilikuwa mtu mkubwa siku hiyo. Naitwa Ireri, jina la babu mzaa baba, na babu alifia huko pangoni. Kila Sikukuu ya Jamhuri, nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, aliketishwa kwenye viti vya mbele uwanjani pamoja na wajane wengine. Mwalimu akiuliza ni nani wa ukoo wa shujaa, mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Cucu hakuwa amewahi kufika pangoni. Aliposikia habari za safari hiyo alimwomba mwalimu amruhusu aandamane nasi. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akabeba kibuyu cha uji wa wimbi wa kumpa mzee wa kutuongoza. Huyo alikuwa Mzee Njagi, aliyekuwa msituni pamoja na babu. Aliishi ng'ambo ya mto tu, lakini hakuwahi kukanyaga boma letu.

Pango lilinuka popo na ukungu. Mwalimu alitueleza habari za bunduki za kujitengenezea, tukapiga kelele ili tusikie mwangwi, kisha akawapeleka wenzangu mtoni kunywa maji. Mimi nilibaki na Cucu. Alimwomba Mzee Njagi amwonyeshe mahali Ireri alipolala. Mzee akanyoosha kidole kwenye majani mabichi chini ya mianzi, nje ya pango. Cucu akauliza kama askari ndio waliomzika. Mzee akavua kofia. Akanitazama, akasema heri mtoto aende mtoni na wenzake.

"Mwache," Cucu alisema. "Huyu ndiye mwenye jina."

"Si askari waliomuua, Mama Nthiga. Ni sisi."

Akaeleza polepole, bila kuinua macho. Babu alitoroka usiku kwenda nyumbani, akarudi. Alfajiri iliyofuata askari wakawavamia, watu wakafa. Waliobaki wakakaa kikao, wakasema Ireri amewauza, wakamnyonga kwa kamba. Baadaye sana ndipo walipojua kwamba askari walikuwa wamefuata moshi wa moto wao.

Cucu aliuliza kama mumewe alijitetea.

"Alisema alikwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Hatukumwamini."

"Alisema kweli," Cucu akajibu. "Mimi ndiye niliyemwita."

Mtoto huyo ndiye baba yangu, Nthiga. Cucu hakulia. Aliweka kibuyu miguuni pa yule mzee, akanishika mkono tukateremka. Tulipofika kwenye handaki alisimama, akaniambia neno moja tu: baba yako asijue, maana atajihesabu kuwa ndiye aliyemuua baba yake.

Sikukuu ya Jamhuri ilipofika, chifu alimtuma mtu amwite Cucu uwanjani. Alimkuta akipalilia maharagwe, na Cucu akabaki shambani. Hakuenda tena miaka yote iliyofuata. Akina mama wa kanisa walikuja kumsihi, wengine wakasema anajivuna. Baba alimuuliza mpaka akachoka. Mzee Njagi alipokufa, Cucu alivuka mto, akarusha udongo kaburini kama wengine, akarudi nyumbani kupika. Baba mwenyewe alizikwa akiamini ni risasi ya Mzungu iliyomfanya yatima, na mchungaji akalisema hilo kwa sauti mbele ya jeneza. Nilitazama viatu vyangu.

Juzi niliwapeleka wanangu kule juu. Siku hizi gari linafika karibu na mlango. Pango limezungushiwa ua, kuna vyoo, na kijana mwenye sare anayesimulia kwa ufasaha mambo aliyoyakariri. Bango kubwa linasema kwamba mashujaa wote wa hapa waliuawa na askari wa mkoloni. Handaki limefukiwa, limepandwa chai. Wanangu walipiga picha wakitoa ulimi, wakaniuliza kama nasi tulikuwa tunakuja hapa kupiga picha.

Wazee wetu walikuwa na fimbo nzito na maneno machache, na wengine walikuwa na damu mikononi. Lakini mmoja wao alivua kofia mbele ya mjane akalitamka jambo lake. Sasa wamekwisha wote, na tuliobaki tunajua kusoma.

Mwanangu mkubwa aliniuliza babu ya baba yake aliuawa na nani. Nikamwambia asome bango.