Nilimpiga Kofi Somo Yangu wa Miaka Minane

Nilimpiga kofi mtoto wa miaka minane, na aliyelia ni mimi.

Yeye hakulia. Alishika shavu, akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, nimefanya nini?"

Nilikaa pale pale mchangani nikalia mpaka kamasi, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mbele ya kuku.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi naitwa Kache. Kwetu ni Tezo, ukishatoka Kilifi mjini. Nilisoma mpaka darasa la nane nikaishia hapo, na sasa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni Malindi. Kila mwisho wa mwezi naenda kumwona mama na mdogo wangu Dena. Dena ana mke na mtoto mmoja, na huyo mtoto anaitwa Kache.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, kwa hiyo sikushangaa. Ni somo yangu. Nilijiona nimeheshimiwa. Pia niliona aibu, ila hiyo sikumwambia mtu.

Sasa, ilikuwa Desemba, msimu wa korosho. Nimefika na unga wangu kichwani, nikamkuta mtoto peke yake nyuma ya jikoni. Amewasha moto kwenye mafiga, ameweka kipande cha bati, korosho na maganda yake zinafuka moshi mweusi, moto unaanza kupanda. Mkononi ameshika kikombe cha maji.

Anayejua korosho anajua. Lile ganda lina mafuta makali, yakipata joto yanashika moto yenyewe. Moto ule huzimwa kwa mchanga. Ukimwaga maji, mafuta yanaruka.

Nikamwona anainua kikombe.

Sikumbuki nilifikaje. Unga uko chini, kikombe kimeruka huko, moto umefunikwa mchanga, kofi limetua.

"Shangazi, nimefanya nini?"

Halafu akaongeza, "Sikujua."

Hapo ndipo nilipoanguka. Neno hilo mimi sikuwahi kulisema.

Rudini nami nyuma miaka ishirini na moja. Mama amekwenda matangani Jilore, ameacha gunia la korosho nyumbani na kutuonya tusiziguse. Mimi nina miaka minane, Dena sita.

Mimi ndiye niliyesema tuchome kidogo tu, mama hatajua. Mimi ndiye niliyewasha. Korosho zikashika, moto ukapanda mpaka karibu na makuti ya jikoni. Nikaona nyumba inaungua. Nikabeba ndoo nikamwaga maji yote.

Mafuta yalimpata Dena usoni. Jicho la kushoto.

Majirani wakaja mbio, wakauliza nani kamwaga maji. Mdomo wangu ukasema, "Dena."

Dena amefunikwa leso usoni, anapiga mayowe, lakini alisikia. Akasema, "Si mimi. Ni Kache."

Hakuna aliyemwamini. Mimi ndiye niliyesifiwa utulivu pale mtaani, Dena ndiye mtundu. Alirudi kutoka hospitali jicho limekwisha. Mama akangoja kidonda kikauke, kisha akamchapa. Alimchapa kwa kuchezea moto, akamwongeza kwa kumsingizia dada yake.

Nilisimama mlangoni nikaangalia mpaka mwisho.

Shuleni wakamwita Chongo. Alipokua akataka kazi ya kupanda minazi, watu wakamkataa, kwamba mtu wa jicho moja akikosea kushika nani atazika. Akabaki chini kufua nazi, kuzitoa makumbi, zile zilizoangushwa na wenzake.

Na mimi nikawa mtu wa zawadi. Mashati, unga, viatu vya mtoto. Ananishukuru, naumia zaidi. Usiku wa manane au mchana kweupe, yule Kache wa miaka minane alikuwa ananijia na ndoo yake. Nilimchukia. Nilitamani siku moja nimkamate nimtandike.

Basi siku hiyo nikamkamata.

Dena alipotoka shamba mtoto akamweleza. Akacheka. Akaniambia nimempiga mwenye jina langu, sasa niende kwa chifu nikajishtaki mwenyewe. Akasimama kwenye kifuo chake, ule mti wenye ncha ya chuma uliochomekwa ardhini, akaanza kufua nazi.

Sikucheka. Nikamwambia, "Dena, yale maji nilimwaga mimi."

Hata hakuinua kichwa. Alichoma nazi kwenye ncha, akaizungusha, akang'oa kumbi.

"Najua, dada. Nilikuwepo."

Niliogopa kuliko siku ya moto. Siku zote nilijidanganya kwamba alikuwa mdogo, amesahau. Nikamwuliza kama anajua, mbona alimpa mwanawe jina langu.

Akafua nazi mbili kabla ya kunijibu.

"Nilikuwa nimekukasirikia sana. Hata hayo mashati, mengine nilimpa Randu wa jirani. Jina nilimpa makusudi. Nilitaka nimwone Kache akifika miaka minane, nijue mtu wa miaka minane ana akili kiasi gani."

"Na umeonaje?"

"Amefikisha mwezi uliopita. Bado anavaa kandambili ya kulia mguu wa kushoto. Ukimwuliza nani kamaliza sukari anasema paka, na sukari iko kidevuni." Akaweka nazi chini. "Nikamwangalia nikasema, kumbe ni huyu niliyemwekea kinyongo miaka yote? Nikachoka."

Machozi yakaanza tena. Nikafikiri maneno yamekwisha, kumbe Dena hajamaliza.

"Yule wa miaka minane nimemwachilia, dada. Wa ishirini na tisa bado. Mama mpaka leo anajua mimi ni mwongo."

Nikainuka.

Nilianza na mtoto. Nilimkuta anaokota unga wangu, anapepeta mchanga. Nikachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, nikamwomba msamaha kwa lile kofi. Nikamwuliza kama aliogopa moto ulipopanda. Akaitikia kwa kichwa.

Nikamwambia kuogopa si kosa. Moto wa korosho tunauzima kwa mchanga, na hatuuwashi bila mtu mzima. Na siku ukikosea, hata ukikosea vibaya, njoo uniambie, sitakupiga.

Nilikuwa nasema na yeye, lakini nilihisi kuna Kache mwingine amesimama nyuma yake ananisikiliza, na ndoo yake tupu. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza bila kumchukia. Alikuwa mdogo sana. Magoti yake yalikuwa na vumbi.

Kisha nikaenda jikoni. Mama alikuwa amesharudi kutoka kisimani, anakuna nazi. Nikapiga magoti nikamwambia yote, tangu gunia mpaka jina nililolitaja mbele ya majirani.

Mkono wake ulisimama. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akavuka uwanja kwenda kwa Dena. Ni hatua kumi tu. Mama huwa anaingia nyumba ile kama yake, anafunua hata sufuria. Safari hii alisimama nje ya mlango.

"Hodi, mwanangu."

Dena ameshaingia ndani, amesikia. Akakawia kujibu.

Mama akangoja.

Jicho halirudi, na sikuandika haya nisifiwe. Nimeandika kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali anamtesa mtoto aliyekuwa yeye. Mwache. Mchuchumalie, mwulize kama aliogopa. Lakini ukishamsamehe usimsukume mbele akujibie makosa ya ukubwani. Mimi nilinyamaza miaka ishirini na moja, na katika hiyo yote, ni mmoja tu niliokuwa na miaka minane.