Majimoto wa Minazi Yetu

Sifa zote ni za Mola aliyempa mdudu mdogo silaha yake na kazi yake, kisha akanipa mimi umri wa kuijua.

Miaka ile ya foleni, mafuta ya kula yalipotoweka madukani, mimi na marehemu mume wangu tuliitegemea minazi sita nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Nguvumali. Nazi ndiyo mchuzi, nazi ndiyo mafuta. Ikikosekana, watoto wanakula muhogo mkavu.

Minazini walikaa majimoto, chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Siku moja mkwezi wetu, mtu mzima mwenye maneno mengi, alishuka mbio akijipiga makofi mwili mzima.

"Mama, chagua! Ama mimi, ama hawa. Wameniingia mpaka kwenye heshima yangu!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikakosea: nikamruhusu avichome viota vyote kwa mwenge wa makuti.

Akawa anakwea kwa raha. Lakini haukupita muda, vidaka, zile nazi changa, vikaanza kupukutika, vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, vina makovu meusi. Kila asubuhi nilipofagia uani, niliona nafagia mafuta ya wanangu.

Jirani yangu, bibi wa Kibondei, akapita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Majimoto wako wako wapi?"

"Tuliwachoma."

"Ala! Umechoma askari wako! Kuna mdudu anafyonza hivyo vidaka. Wao ndio waliokuwa wakimla."

Kesho yake akaleta gunia linalonguruma kwa hasira: viota viwili alivyokata mchungwani kwake. Sote tukamgeukia mkwezi.

"Bibi, mimi nina mke!"

"Basi leo atakuona mwekundu. Panda."

Bibi akampaka jivu mikononi na miguuni, maana majimoto hawalipendi. Mkwezi akapanda akisoma dua zote alizozijua, akavifunga viota kileleni. Tukaunganisha minazi kwa kamba za makumbi, ziwe njia yao.

Baada ya siku chache kunguru akaja kudonoa kiota. Majimoto wakamiminika, wakamng'ata miguu, wakainua mikia na kurusha maji yao makali, harufu yake chachu kama ndimu. Kunguru akaruka akipiga mayowe, mguu mmoja anaukung'uta.

"Umeona na wewe?" mkwezi akamwambia. "Karibu chamani!"

Polepole vidaka vikashika, vikawa madafu, vikawa nazi. Siku nilipochemsha tui jipya na mafuta yakaelea juu ya sufuria, nilisujudu palepale jikoni.

Ruksa ya biashara ilipokuja, madukani pakajaa mafuta, na dawa za wadudu pia. Nikamuuliza mkwezi kama ninunue chupa ya dawa.

"Usinunue, mama. Niongezee jivu tu."

Nawe unayesoma, Mungu akulindie riziki yako ingali changa, hata kwa walinzi wanaokuuma. Amina.