Mtume Aliyepewa Mke na Megetia

Megetia binti Alafioni alizaliwa Gaza, nyuma ya shule, na akafa Gaza, nyuma ya shule ile ile. Kati ya siku hizo mbili alifanya kazi moja tu: kunakili maneno ya watu waliojiona wana akili kuliko yeye. Wengi wao hawakuwa nazo. Ukiandika upuuzi wa mtu kwa mkono wako miaka thelathini, unamjua kuliko mkewe.

Baba yake alikuwa mwalimu. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na kila Jumapili alikuwa kanisani. Jumatatu alirudi kufundisha watoto wa mji kwa vitabu vya Wayunani wa zamani, maana hapakuwa na vingine. Aliyetaka kujua kuzungumza sawasawa juu ya nafsi, subira na kulitawala tumbo, alikaa kwenye benchi la Alafioni. Mmoja wa waliokaa hapo, kamasi zikimfika kidevuni, alikuwa Asterio.

Kamasi zilikauka, Asterio akawa padri, na hapo ndipo alipoanza kuwatukana Wayunani.

"Wapumbavu! Waabudu mawe! Wametupa nini hao?" alinguruma kila Jumapili. Halafu, bila hata kumeza mate, alianza kufundisha kwamba nafsi hupanda juu hatua kwa hatua ikiuacha mwili chini, na kwamba mwenye hekima hatikiswi na tusi. Yote ya benchi la Alafioni, neno kwa neno. Waumini walifuta machozi. Megetia aliegemea nguzo ya nyuma akipiga miayo.

"La leo ukurasa wa ngapi?" alinong'ona shoga yake Salafta, muuza samaki wa chumvi.

"Wa tisa. Juu kabisa," alijibu Megetia.

"Na bado anawatukana wenyewe?"

"Ukivaa kanzu ya wizi, shoga, lazima umseme vibaya mwenye nayo. La sivyo watu watakuuliza umeipata wapi."

Kitabu chenyewe, alichofundishia Alafioni, kilikuwa kidogo, cha ngozi, viganja viwili vilitosha kukifunika. Alafioni alikinakili mwaka aliozaliwa Megetia, na pembeni mwa maneno ya wenye hekima akawa anaandika yake kwa herufi ndogo. *Leo kaota jino. Leo kaniita baba. Leo kashika kalamu kwa mkono wa kushoto, nimemwacha.* Mzee alifariki majira ya baridi, na hicho ndicho alichomwachia bintiye. Megetia alikifungua kila siku, lakini alisoma pembeni tu. Ya katikati alikuwa anayajua.

Wiki chache kabla ya sikukuu ya Mitume, Padri Asterio aliingia kwake bila kuvua viatu, akakalia kiti cha marehemu.

"Dada Megetia, kile kijitabu cha mwalimu bado unacho?"

"Ninacho, Padri."

"Utaninakilia, nikisome mbele ya Askofu siku ya sikukuu. Ila si kama kilivyo. Palipoandikwa miungu, weka Mungu. Na kila penye jina la yule mwanafalsafa, mzee wa Athene, lifute, weka Mtume Paulo."

Megetia aliweka kalamu chini. "Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Hata kule mwishoni, kwenye habari za..."

"Mama, nimekuja kuagiza mwandiko au kuomba ushauri? Nimesema kila mahali!"

"Haya. Na hiki cha baba?"

Asterio alitazama dari. "Siku hiyo tunachoma vitabu vya wapagani. Kitakuwemo."

"Kimeandikwa na mkono wa mwalimu wako. Aliyekufuta kamasi."

"Ndiyo maana nataka kuisaidia roho yake. Watu wanasema, dada. Wanasema Alafioni alikufa nusu huku, nusu kule. Bintiye akificha kitabu, watamsema na binti."

Alipoondoka, Megetia alitia chumvi dengu zake mara mbili, akazila hivyo hivyo. Roho ya nani iliyokuwa inasaidiwa? Mtu alikuwa anafuta nyayo zake. Kitabu kikishakuwa majivu, nani Gaza angejua hekima ya Padri imetoka wapi?

Aliandika siku kumi na mbili. Alifuata agizo kama lilivyo, kila mahali, kalamu haikuruka hata jina moja. Alipofika ukurasa wa thelathini alisimama, akacheka peke yake, akaendelea.

Asterio alikuja kuchukua kazi yake. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanusa ngozi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitabu cha Alafioni akakitia kwapani kama kuku wa kuchinjwa.

Siku ya sikukuu rundo la vitabu lilipangwa nje ya mlango wa kanisa, juu ya mawe ya hekalu la miungu ya zamani yaliyotandazwa barabarani ili yakanyagwe. Wanawake wa Gaza bado walikuwa wanayazunguka, wakiogopa kuyakanyaga. Hata Salafta, ambaye kwao walibatizwa tangu bibi yake, aliyazunguka na kapu lake la samaki. Ndani, Askofu, mzee sana, aliketi macho nusu yamefumbwa.

"Mafundisho ya Mtume Paulo," alianza Asterio, "niliyoyakusanya mimi mtumishi wenu kwa jasho langu!"

Alikuwa na sauti nzuri, tatizo alikuwa anaijua. Aliisikiliza mwenyewe mpaka maneno yakawa yanampita. Kurasa za mwanzo watu waliguna kwa utamu. Akafika wa thelathini.

"'Siku moja Paulo alileta wageni nyumbani bila kumwambia mkewe. Naye mke, aliyechoshwa na maneno yasiyoleta mboga, akabeba chungu cha dengu, akakimwaga miguuni pa wageni. Paulo akainama, akaziokota moja moja, huku akizungumzia subira...'"

"Kumbe Paulo alikuwa na mke?" aliuliza bibi mmoja kiziwi, kanisa zima likasikia.

"Tena mkali!" akajibu Salafta.

Jasho lilimtoka Asterio. Aliruka kurasa mbili, akaangukia pabaya zaidi. "'Ndipo Paulo, gerezani Athene, akapokea kikombe cha sumu, akanywa...'"

Kila mtoto wa Gaza alijua Mtume alikatwa kichwa, tena Roma. Mke na sumu vilikuwa vya yule mzee wa Athene.

Askofu alifumbua jicho moja. "Padri. Haya umeyatoa wapi?"

Asterio alipiga hesabu. Akisema ni yake, amemzulia Mtume uongo. Akisema si yake, jasho alilolitaja ni la nani?

"Mwandishi!" alipiga kelele. "Huyu mwanamke ameharibu, Baba Askofu!"

Megetia alisimama pale nguzoni. "Nimeharibu nini, Padri? Ulisema kila mahali, nikaweka kila mahali. Kama nimekosea, si kilinganishwe na kile nilichonakili?"

"Kiko wapi?" aliuliza Askofu.

"Nje, Baba, kwenye rundo. Na mwenye mwenge namsikia anapuliza."

Asterio alikimbia. Alikunja kanzu mpaka magotini, miguu myembamba nje, akayakanyaga mawe ya hekalu bila kuyaona, akipayuka, "Msiwashe! Jamani, msiwashe!" Alipiga magoti, akafukua rundo kama mbwa, akakipata, akakikumbatia kifuani. Mji mzima ulimwona Padri Asterio akiokoa kitabu cha Wayunani kwa mikono yake miwili.

Askofu alikipokea, akakifunua. Midomo yake ilikuwa inasema mistari kabla macho hayajaifikia. Megetia aliliona hilo.

"Mwandishi hana kosa," alisema mzee. "Hata mimi nilifunzwa kwa hiki, na sijawahi kukiita jasho langu. Basi, nitakaa nacho, nikichunguze."

Kinachochunguzwa na wakubwa hakirudi. Megetia alienda mpaka mbele.

"Baba Askofu, ya katikati unayo kichwani, nimekuona. Yangu ni ya pembeni. Soma pembeni."

Mzee alisogeza ukurasa karibu na uso, akasoma taratibu, "'Leo kaota jino.'" Akakifunga, akamrudishia.

Vile vingine vilichomwa. Havikuwa na mtu wa kuvikimbilia. Asterio alipelekwa kuwafundisha zaburi wachunga ngamia, ambao nasikia hawakumsikiliza. Na watawa wa karibu na Gaza, baada ya yote hayo, wakataka nakala ya kile alichosoma Asterio: Paulo abaki, mke na sumu viondolewe. Megetia aliwaandikia, nakala baada ya nakala mpaka uzeeni, na wanaume wazima waliyalilia maneno ya yule mzee wa Athene wakidhani yameshuka mbinguni. Hakuwasahihisha. Wangemsikiliza?

Alipokufa, Salafta alikikuta kitabu chini ya mto wake. Hakujua kusoma, akampa shemasi amsomee. Chini ya neno la mwisho la Alafioni palikuwa na mstari mmoja, wa mwandiko wa mkono wa kushoto:

*Leo Asterio kakimbia.*