Fundi Zipora na klachi ya kilo nane

Saa mbili na robo asubuhi. Kwenye gereji moja mtaa wa Malunga, mjini Kahama, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu iliyopauka anaegemeza mizani ukutani, ile mizani bapa ambayo vijana huitembeza stendi kupima watu uzito. Mbele yake iko siti ya lori, imeng'olewa na kuzuiwa kwa tairi nyuma. Juu ya siti ameketi mwanamume wa makamo, kiatu cha kushoto amekivua.

"Sukuma," anasema mwanamke.

Mwanamume anaikanyaga mizani kwa unyayo na kusukuma. Mshale unapanda taratibu, unatikisika, unasimama.

"Kumi na nne. Tena."

Mara ya pili inakuja kumi na tatu. Mara ya tano ni kumi na moja. Mwanamke anaziandika namba zote kwa chaki kwenye mlango wa lori, anarudi hatua mbili nyuma, anazitazama.

Anaitwa Zipora Kashinje, ana miaka 46, na hapa gereji wengi humwita Mama Vumilia, kwa jina la binti yake. Mwenye mguu unaopimwa ni Mihayo Lubinza, mwenye lori.

Lori lenyewe ni la dizeli, la tani tatu, limeundwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Lilikuja nchini likiwa na gia za otomatiki, jambo la nadra kwa malori ya umri wake. Kwa Mihayo hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kulinunua.

Mwaka 2011 alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Rwamgasa. Ukuta wa duara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, ulimwangukia akiwa chini. Wenzake walimtoa akiwa hai, lakini goti la kushoto halikurudi kama zamani. Halikunjiki vizuri, na nguvu zake zimebaki kidogo.

"Nilikaa nyumbani miaka miwili, watu wananiletea pole," anasimulia. "Halafu nikasikia kuna lori linauzwa, halina klachi. Kaka yangu aliuza ng'ombe, nikalichukua. Siku niliyoliendesha mara ya kwanza, mke wangu alikaa pembeni yangu tangu hapa mpaka Ushetu. Alikuwa anacheka tu."

Tangu hapo amekuwa akipeleka mchele wa Kahama kwenye soko la Rwamgasa, mara mbili kwa wiki. Wachimbaji wanaomkumbuka humwita Mzee wa Duara.

Mwezi Machi giaboksi ikafa barabarani. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Mafundi watatu waliolitazama walisema kitu kimoja: vipuri vya otomatiki ya zamani hivyo havipatikani, na giaboksi nzima iliyotumika, ikibahatika kupatikana Dar es Salaam, ingemgharimu zaidi ya milioni nne. Afunge ya gia za mkono, zimejaa kila mahali.

"Niliwauliza, na mguu wangu? Wakaniambia niajiri dereva," anasema Mihayo. "Sasa mimi nitakuwa nafanya nini? Kukaa kwenye benchi na kusubiri simu?"

Akatokea mtu wa kuinunua injini peke yake, akaifunge kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Bodi ingekatwakatwa iuzwe kama chuma chakavu. Mihayo aliomba wiki moja ya kufikiri. Siku ya tatu mtu akamwelekeza kwa Zipora.

Zipora hakuzaliwa kwenye mafuta machafu. Alikuja Kahama kutoka Ushetu, kwa wazazi wanaolima tumbaku, akiwa na cherehani. Kibaraza alichopanga kilitazamana na gereji ya Mzee Abdulshakur Salmini. Siku moja mzee huyo alivuka barabara kuomba mkasi akatie gasketi, kile kipande cha kuzibia maungio ya vyuma mafuta yasivuje, kwenye boksi gumu.

"Alikuwa anaharibu mkasi wangu na boksi pia," Zipora anakumbuka. "Nikamwambia, lete hicho chuma nikione. Nikakichora, nikakata. Kikakaa. Kesho yake akaniletea kingine."

Kwa mwaka mzima alikata gasketi. Kisha akataka kujua zinakwenda wapi. Akaanza kuvuka barabara yeye, akiuliza, akishika, akifungua. Huu ni mwaka wa kumi na saba. Kwa mwezi mzuri huondoka na shilingi laki sita, na ndizo zilizomsomesha Vumilia mpaka chuo cha uuguzi.

Mzee Abdulshakur, sasa ana miaka 71 na macho yamemchoka, huketi kwenye kiti chake mlangoni na kusikiliza injini. "Wengine wanafungua kwa nguvu," anasema. "Huyu anapima kwanza. Mimi nilimfundisha majina ya vyuma tu. Kupima alikuja nako."

Kuhamisha lori kutoka otomatiki kwenda gia za mkono si kutoa moja na kuweka nyingine. Zipora alitoa giaboksi ya zamani pamoja na lile dude la mviringo, mfano wa sufuria lililojaa mafuta, linaloiunganisha na injini. Mahali pake paliingia flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na sahani ya klachi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kitundu. Kwenye gia za mkono, ncha ya shafti ya giaboksi hulala ndani ya beringi ndogo katikati ya mhimili wa injini. Injini hii, kwa kuwa ilizaliwa na otomatiki, ilikuwa na shimo lisilolingana na beringi yoyote sokoni. Alikata umbo lake kwenye karatasi ngumu, akalipeleka kwa mchonga vyuma, wakatengeneza bushi, yaani pete, ya shaba. Ilirudishwa mara mbili kwa kupwaya.

Giaboksi mpya ilikuwa fupi, hivyo propela, mhimili unaopeleka mzunguko kwenye magurudumu ya nyuma, ilirefushwa sentimita tisa. Tundu la mkono wa gia likatobolewa sakafuni. Siku ya sita kila kitu kikakaa mahali pake. Mihayo akazungusha ufunguo. Kimya.

Zipora alikagua betri. Akakagua stata. Mzee Abdulshakur akaguna kutoka kwenye kiti chake.

"Mama Vumilia, lori linasubiri uliweke kwenye P."

Ni kweli. Waya wa usalama wa otomatiki, unaozuia injini kuwaka mpaka gia iwe kwenye P, ya kuegesha, ulikuwa unaning'inia bila kazi. Zipora aliuhamishia kwenye swichi ya pedeli, ili lori liwake klachi ikiwa imekanyagwa tu. Injini ikaunguruma, na gereji nzima ikacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Lakini kazi hasa ilikuwa haijaanza. Aliiweka mizani kwenye pedeli ya klachi na kuikandamiza: kilo ishirini na mbili.

Kwenye uwanja wa magari mabovu alipata kifaa cha lori jingine kinachotumia mvuto wa upepo wa injini kuisaidia klachi, kama kile kinachosaidia breki. Alikifungua, akabadilisha mipira yake, akakifunga. Mizani ikasoma kilo kumi na tatu.

Mihayo alifurahi, akataka kuondoka siku hiyo hiyo. Mguu wake ulikuwa umesukuma kumi na nne. Zipora akachukua ufunguo na kuutia mfukoni.

"Kumi na nne ni mara moja," alimwambia. "Mara ya tano ulisukuma kumi na moja, nimeandika pale mlangoni. Na mara ya mia je? Umebeba mchele, ng'ombe wamekatiza barabara, goti limegoma. Nani atasimama mbele ya lori lako?"

"Wewe si umeshafanya kazi yako, mama? Mguu ni wangu."

"Basi kauze injini kwa mtu wa karasha. Mimi hili silitoi hivi."

Mihayo aliondoka bila kuaga. Siku mbili hakuonekana wala hakupokea simu. Siku ya tatu alikuja mkewe, Limi, amebeba kuku. "Shikamoo, mzee," alimwamkia Abdulshakur, kisha akamgeukia Zipora. "Ananuna, lakini anajua una haki. Mimi ndiye ninayekaa naye pembeni humo ndani. Fanya unavyoona."

Zipora anakiri kwamba siku hizo mbili zilimnyima raha. "Nilimwona mtu anatoka mikononi mwangu na huzuni. Lakini ningempa, kila simu ikilia ningeshtuka."

Alikata umbo la pedeli kwenye boksi, akalisogeza huku na huku chini ya usukani. Pedeli ndefu huwa nyepesi, lakini hutaka mguu uende mbali zaidi, na goti la Mihayo halikunjiki. Hivyo aliirefusha, akarudisha siti nyuma vidole vinne na kuinyanyua, mpaka mguu ukawa unasukuma ukiwa karibu umenyooka, kwa nguvu za nyonga badala ya goti.

Mihayo aliporudi, alikuta namba mpya mlangoni kwa chaki: nane.

"Mwangaluka," alimsalimia kwa kilugha, kwa sauti ya chini, akavua kofia.

"Mwangaluka. Panda."

Lori lilizimika mara nne uwanjani. Mara ya tano likaondoka likirukaruka, likazunguka, likarudi. Alikanyaga klachi mara mia moja na ishirini, Zipora akihesabu kwa sauti. Wiki iliyofuata askari mkaguzi wa magari alimpandisha Mihayo mwinuko, akamsimamisha na kumwondosha tena na tena, kisha akamruhusu.

Jumatano ya wiki hiyo Mihayo alipiga simu kutoka Rwamgasa. Amefika, mchele umeshushwa, mguu umechoka lakini hauumi. Zipora aliiweka simu kwenye spika ili mzee asikie.

Nilimuuliza Zipora anataka nini sasa. Nilitegemea aseme gereji yake mwenyewe, au mashine ya kuchonga vyuma. Aliangalia chini, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Leseni," alisema. "Miaka kumi na saba natengeneza magari, sijawahi kuendesha kupita geti lile. Nayasogeza humu ndani tu, majaribio wanafanya wengine. Niliona aibu kwenda kujifunza, watu watasema fundi gani huyu."

Ameshajiandikisha shule ya udereva, darasa linaanza mwezi ujao. Jumapili ana mwalimu mwingine, wa mazoezi, aliyejitolea bila kuombwa. Mihayo anasema atamkalisha kwenye siti ileile, yeye akae pembeni na Limi.

"Mama yangu yuko Ushetu, ana miaka themanini na moja," anasema Zipora. "Nataka siku moja asikie lori linasimama uani, atoke kuangalia ni nani, anione mimi nashuka upande wa usukani."